Unga Tulioutelezea

Muhogo uliovundikwa una harufu inayowafanya wageni wa Mpanda wazibe pua. Ni harufu kali ya uchachu, hunata kwenye nguo hata ukishafika nyumbani. Mimi sizibi pua. Nikipita sokoni, pale akina mama wa Kasokola wanapouza makopa na unga wake, hupunguza mwendo, na mara nyingi nanunua hata kama nyumbani upo. Walimu wenzangu hunitania kwamba nimekuwa Mfipa wa ajabu, napenda ugali wa muhogo kuliko Warundi wenyewe. Nacheka nao. Sijawahi kumwambia hata mmoja kwamba harufu ile ikinifikia uso unaniwaka moto.

Kiangazi hiki nilikuwa nimesimama hapo hapo simu ilipoita. Alikuwa mwalimu mmoja anayefundisha Kasokola, akanipa habari kama mtu anayepitisha taarifa ya kawaida: yule mama mjane wa zamani, Mama Ferdinand, amefariki, wanazika kesho. "Nyie si mlikuwa jirani zake?" aliniuliza. Nikasema ndiyo, nitajitahidi kufika. Kesho yake sikwenda. Nilikaa nyumbani nikasahihisha madaftari ambayo yangeweza kusubiri wiki nzima.

Nilikuwa na miaka kumi wakati ule, na baba alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya kijiji cha Kasokola. Tulitoka Ufipa tukaletwa pale na kazi yake. Majirani zetu wengi walikuwa familia zilizotoka Burundi zamani, watu wa jembe, wa muhogo na mahindi, wanaoamka kabla ya jogoo na kusali kwa sauti. Walituheshimu kupita kiasi. Mzee wa miaka sitini alikuwa anashuka kwenye baiskeli akikutana na baba. Nikitumwa dukani napishwa mbele. Mtoto haulizi mambo kama hayo yanatoka wapi. Nilidhani ndivyo nilivyoumbwa, mtu wa kupishwa.

Rafiki yangu alikuwa Leokadia, binti wa Mama Ferdinand. Alinizidi mwaka mmoja na urefu wa kichwa kizima. Alikuwa na magoti yenye makovu na sauti ya kukwaruza, na akianza kusimulia kitu anacheka kabla hajafika mahali pa kuchekesha, mpaka unacheka naye bila kujua kuna nini. Baba yake alikuwa amefariki kabla ya masika yaliyopita. Kaka yake mkubwa, Ferdinand, kijana wa kama miaka kumi na minane, ndiye aliyeshika shamba na ndiye aliyekuwa akitoa amri pale nyumbani.

Nyuma ya shule kulikuwa na kilima. Upande mmoja kilikuwa na vichaka, lakini upande wa machweo kilikuwa jabali tupu, pana, laini, lililoinama kama bati la nyumba. Hapo ndipo akina mama walipoanika muhogo. Walikuwa wanauloweka kwenye madimbwi siku kadhaa mpaka ulainike, wanaumenya, wanaubeba kichwani, wanautandaza juani juu ya jabali. Mwezi wa saba na wa nane, ukisimama mlangoni kwetu, unaona kilima kimekuwa cheupe kuanzia juu hadi katikati.

Sisi watoto jabali lile lilikuwa mchezo wetu. Muhogo ukishaanuliwa tunapanda na madumu ya njano ya mafuta ya kula yaliyopasuliwa katikati. Unakaa ndani ya nusu dumu, unashika kingo, mwenzako anakusukuma. Unashuka kwa kelele kama mabati yanavyoburutwa, matako yanapata moto, kisha unatupwa kwenye majani makavu chini. Kaptula na sketi zetu zote zilikuwa na viraka nyuma. Mama alikuwa akiziangalia anatikisa kichwa.

Kwetu sebuleni kulikuwa na kalenda. Padri mmoja mgeni alikuwa amempa baba, na ingawa miaka yake ilishapita muda mrefu, haikuondolewa ukutani kwa sababu ya picha. Picha ilionyesha mlima mweupe mtupu, na watu watatu wanashuka. Walivaa miwani mikubwa na nguo za rangi kali, wameshika fimbo mbili mbili, na miguuni wamefunga mbao nyembamba ndefu. Hawakukaa kwenye madumu. Walikuwa wamesimama wima, magoti yamekunjwa kidogo, na nyuma yao weupe unaruka juu kama vumbi.

Niliitazama picha ile kila siku nikila uji. Siku moja nikamuuliza baba, "Baba, ule weupe ni nini?"

Alikuwa anasahihisha mitihani. Hakuinua kichwa. "Ni baridi," alisema.

Baridi! Baridi naijua, ni ile ya mwezi wa sita asubuhi, haina rangi na haikanyagwi. Nikaona baba hataki kusumbuliwa, au hajui. Lakini mimi nilijua. Nilikuwa naona mlima mweupe kila siku nikitoka mlangoni. Wale watu, niliamua, ni wakulima wa muhogo wa nchi nyingine, matajiri kweli, wenye muhogo wa kufunika mlima mzima. Wanausaga kwanza, wanaumwaga, wanateleza juu yake wamesimama, na wakimaliza wanazoa.

Nikamleta Leokadia kwetu siku ambayo wazazi hawapo, nikamwonyesha. Aliisogelea picha mpaka pua ikagusa karatasi.

"Hawaanguki?" aliuliza.

"Wanajua."

"Na sisi tutajua," alisema, akaanza kucheka.

Ilituchukua karibu wiki mbili kutengeneza zile mbao. Nyuma ya darasa la saba kulikuwa na rundo la madawati mabovu, tukabandua mbao nne. Leokadia alizichonga ncha kwa panga la Ferdinand, akazipinda kidogo mbele kwa kuzichemsha kwenye pipa la maji, jambo alilowahi kumwona baba yake akifanya na mpini. Alikuwa na mikono ya kazi yule. Mimi kazi yangu ilikuwa kusema wale wa kwenye picha wamefanyaje. Tukafunga kwa mipira ya tairi ya baiskeli, tukakata fimbo, tukapanda jabalini.

Hazikuteleza. Unasimama juu unasukuma, mbao zinakwaruza zinagoma, unaanguka mbele kama mzigo. Tukapaka sabuni. Tukapaka mawese, nikapigwa na mama kwa ajili ya mawese yale. Zikasogea hatua mbili, zikanasa. Leokadia akachunika kiwiko. Tukakaa juu ya jabali tumevaa mbao zetu miguuni, tunatazama bonde.

"Tumekosa unga," nikasema.

Nakumbuka alitazama upande wa nyumbani kwao. Nakumbuka pia kwamba nilijua anachokifikiria, maana kijiji kizima kilijua. Kwao kulikuwa na unga. Mwezi ule walikuwa wanajiandaa kumaliza matanga ya baba yake. Kwa desturi ya kwao, siku hiyo ukoo unakuja kutoka mbali, watu wanakula na kunywa, mjane anawekwa huru na maombolezo, na jina la marehemu linaachwa lipumzike. Mama Ferdinand alikuwa amelima muhogo wa siku hiyo peke yake. Aliuvundika, akauanika, akaubeba mpaka mashine ya kusaga, na sasa ulikuwa kwenye mifuko miwili ya salfeti ndani ya chumba chao cha nyuma, mweupe kuliko unga wowote wa pale kijijini.

"Tunaazima tu," nikamwambia. "Tukimaliza tunafagia, tunarudisha. Wale unadhani wanautupa?"

"Ukipungua?"

"Ukipungua mimi naleta wa kwetu. Mama ana unga mwingi, hata hapimi."

Akaniangalia. Ninavyokumbuka uso ule sasa, haukuwa wa mtoto mjinga. Alikuwa anapima neno langu, na neno la mtoto wa mwalimu lilikuwa na uzito.

Kesho yake Mama Ferdinand alikwenda Mwamkulu kuwaarifu ndugu siku ya shughuli, na Ferdinand alikuwa shambani. Leokadia alikuja na mfuko mmoja kichwani, akipita vichakani. Tulipanda haraka. Juu ya jabali tukaufungua, tukaumwaga kwa vikombe kwanza, kwa adabu, kisha tukauona hautoshi, tukaumimina wote.

Ni lazima niseme ukweli wote: ilikuwa furaha ambayo sijaipata tena. Mara ya kwanza nilianguka. Mara ya pili nilianguka. Mara ya tatu mbao ziliondoka chini yangu kama zimeitwa, nikashuka nimesimama, magoti nimekunja, fimbo zimenyanyuliwa, na nyuma yangu unga ukaruka juu kama kwenye picha. Sijui ilikuwa hatua kumi au kumi na tano. Leokadia alipiga kelele za shangwe kule juu, kisha naye akashuka, mrefu vile, mikono ameitandaza, akipiga kelele neno la Kirundi nisilolijua. Tukapanda tena. Tukashuka tena. Tulikuwa weupe nywele mpaka kope.

Halafu upepo wa mwezi wa nane ukaja. Kwetu haubishi hodi. Ulipanda kutoka bondeni ukazoa unga, ukaupeleka juu ya vichaka kama moshi. Tukacheka kwanza. Kisha Leokadia akaacha kucheka, akavua mbao, akaanza kufagia kwa tawi. Nikamsaidia. Tukawa tunazoa unga na mchanga, unga na kinyesi cha mbuzi, unga na majani. Mbuzi wenyewe wakaja wakaanza kulamba, tunawafukuza upande huu wanapitia ule. Tulipomaliza, kwenye mfuko kulikuwa na kitu cha rangi ya udongo kisichofika nusu.

"Kalete," akaniambia. "Ulisema utaleta. Nakusubiri hapa hapa, ukimbie."

Nikakimbia. Nilikuwa na nia ya kuleta, naapa. Nilijikung'uta njiani, nikanawa kisimani, nikaingia jikoni kwetu. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda anachambua mboga, na debe la unga lipo nyuma yake. Akaniangalia. "Umetoka wapi wewe?" Nikasema kuchota maji, ingawa sikuwa na ndoo. Akasema nikae nimsaidie. Nikakaa. Nilichambua majani ya maboga mpaka jua likaanza kushuka, na muda wote nilimwona Leokadia akilini mwangu, juu ya jabali, ameukumbatia ule mfuko, anatazama njia.

Walikuja kesho yake saa za alasiri: Mama Ferdinand mbele, Leokadia katikati, Ferdinand nyuma. Baba alikuwa barazani na madaftari yake. Alimpa mama yule kiti, akakikataa, akakaa chini kwenye mkeka, miguu ameinyoosha pamoja.

"Mwalimu, sikuja kushitaki," alisema kwa Kiswahili chake cha taratibu. "Nimekuja kuuliza tu. Unga wa matanga umepotea mfuko mzima. Huyu mtoto nimemwuliza, nimempiga, anasema walikuwa na mtoto wako. Nikasema siwezi kuamini kabla sijauliza."

Baba akaniita. Nilikuwa nyuma ya mlango. Alinihoji kwa ile sauti yake ya darasani, sauti isiyo na hasira, ambayo ilikuwa inanitisha kuliko fimbo.

"Jana ulikwenda kilimani?"

"Hapana, baba."

"Ulikuwa wapi?"

"Nilichota maji, kisha nikamsaidia mama mboga."

"Anadanganya!" Leokadia alisema. "Yeye ndiye aliyesema tumwage! Alisema ataleta wa kwao!"

"Binti," baba akamwambia, "mtu mzima akiongea usimkatize. Haya, niambie wewe. Unga mliufanya nini?"

"Tuliumwaga kwenye jabali."

"Mkaumwaga kwa sababu gani?"

"Tuteleze."

Neno lile likiwa kilimani lilikuwa na maana. Pale barazani, mbele ya watu wazima, lilidondoka kama jiwe. Ferdinand akacheka puani kwa aibu, akatazama pembeni. Leokadia akaona haaminiwi, akanyoosha kidole mlangoni, mpaka sebuleni. "Kama wale! Kama wale wa kwenye picha! Wanateleza kwenye unga!"

Baba aligeuka akaitazama kalenda. Kisha akacheka, kicheko cha upole, kama anavyocheka darasani mwanafunzi akikosea jibu kwa namna ya kuchekesha.

"Mama Ferdinand, ile ni theluji. Ni barafu ya Ulaya, maji yaliyoganda kwa baridi. Mwanangu anaijua, nilishamwambia. Hakuna mtoto wangu anayeweza kudhani ule ni unga." Akanigeukia. "Si kweli?"

Ndipo nilipojua ule weupe ni nini. Nilijua saa ile ile niliyotakiwa kusema kwamba siku zote nilikuwa najua.

"Kweli, baba," nikasema.

Niliona jinsi shingo ya Mama Ferdinand ilivyoinama. Alikuwa ameingia pale mama wa mtoto aliyefanya ujinga, na sasa, kwa kuwa hakuna aliyeamini kwamba ulimwagwa, alikuwa mama wa mtoto aliyeuza unga wa matanga ya baba yake, kisha akamsingizia mtoto wa mwalimu. Alimgeukia bintiye, akamwambia maneno mawili kwa Kirundi, taratibu kabisa: "Saba imbabazi." Omba msamaha.

Leokadia hakusogea. Ferdinand akamshika bega akamkandamiza chini. Akapiga magoti mbele yangu, yale magoti yenye makovu, kwenye saruji ya baraza letu. Alininyanyulia macho. Hakuwa analia. Alikuwa ananingoja, kama alivyoningoja jana yake kilimani. Alinipa nafasi nyingine kabla ya kufungua mdomo.

"Nisamehe," alisema mwishowe.

Na mimi nikasema, "Nimekusamehe." Nilisema vizuri, kwa sauti nzuri, kama tulivyofundishwa kwenye mafundisho ya komunyo ya kwanza. Mama Ferdinand akanishukuru. Akasema Mungu anikuze.

Siku ya kumaliza matanga, majirani walichanga. Mama yangu alipeleka debe zima la unga, akaliweka katikati ya uwanja, na wanawake wakapiga vigelegele, wakasema hii ndiyo familia, imekosewa bado inatoa. Nilisimama kando yake nikipokea sifa. Nilimwona mama haonyeshi furaha, nikadhani amechoka. Miaka mingi baadaye, mwaka aliougua, ndipo aliponiambia, bila mimi kumwuliza. "Asubuhi ya siku waliyokuja nilikung'uta unga wa muhogo kwenye pindo la sketi yako," alisema. "Sisi hatukuwa na unga wa muhogo, wetu ulikuwa wa mahindi. Lakini mpaka nafika barazani, baba yako alikuwa ameshasema. Ningemvua nguo mbele ya watu?" Nikamwuliza kwa nini hakunipiga basi, hata kwa siri. Akasema, "Nilikuwa nangoja uje useme." Akageukia ukutani. Hatukuongea tena jambo lile mpaka alipofariki.

Leokadia hakumaliza darasa la tano. Shule ilipofunguliwa muhula uliofuata hakuwepo. Baba alimwandikia barua Ferdinand mara moja, hakujibiwa, akaacha. Nilimsikia akimwambia mwalimu mwenzake kwamba hawa watu hawana mwamko wa shule. Mimi niliamini, au nilitaka kuamini, kwamba Leokadia ameacha kwa sababu ananichukia na hataki kukaa darasa moja na mimi. Watoto walimwita Muuza Unga. Nilikuwa nawasikia. Baadaye aliolewa Ikola, kule ziwani, akawa anaanika dagaa. Mimi nilisoma, nikawa mwalimu kama baba.

Siku ya tatu baada ya mazishi nilipanda bodaboda mpaka Kasokola. Nilivaa kitenge, nikajifunga kingine kichwani, nikaingia kama mfiwa yeyote. Uwanjani kulikuwa na maturubai mawili na watu wamekaa chini. Leokadia alikuwa nyuma kwenye masufuria, ameinama anasugua, mnene sasa, mwenye mvi pembeni. Aliponiona alijinyoosha akafuta mikono.

"Karibu, mwalimu," alisema.

Hakuniita jina. Nilimpa pole. Nikamwambia nataka tuongee, akanitoa kando, penye banda la mbuzi. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, lakini yalitoka machache. Nikasema nilidanganya. Nikasema nimeishi nayo. Nikasema naomba anisamehe.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi nilishazoea," alisema. "Nina watoto watano, nina wajukuu, nani ananiita Muuza Unga Ikola? Lakini mama amekwenda kaburini akijua kwamba mwanawe aliiba unga wa matanga ya baba yake. Wiki mbili zilizopita nilikuwa namwosha, akaniambia, 'Leokadia, mimi nilishakusamehe ile.' Amekaa chini ya udongo siku tatu, ndiyo unakuja."

Nikasema lile la kwanza lililonijia. "Nitasimama mbele ya watu. Leo leo, wakati wa maneno ya ndugu. Nitasema yote."

"Usisimame." Alilisema haraka, na kwa mara ya kwanza nilisikia ile sauti ya kukwaruza niliyoijua. "Ukisimama watakusifu. Watasema mwalimu mzima, msomi, ameungama mbele ya watu wadogo. Utaondoka hapa na vigelegele tena." Akaokota kitambaa chake. "Kuna mtu mmoja tu wa kumwambia. Yupo kule anapasua kuni."

Ferdinand alikuwa nyuma ya nyumba, shati amelitundika kwenye mti. Amezeeka mapema, mgongo umepinda. Aliacha kazi akanisalimia kwa heshima ile ile ya zamani, akataka kuniletea kiti. Nikamwomba asilete. Nilianza vibaya, nikaanza upya. Nilimweleza mbao, nikamweleza upepo, nikamweleza mbuzi, nikamweleza mboga za mama. Alikuwa ameshika shoka kwa mikono miwili, ananiangalia mdomoni kana kwamba ni kiziwi.

Nilipomaliza aliuliza swali moja. "Siku ile ulipomwambia umemsamehe, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Na sisi tukakushukuru."

"Mkanishukuru."

Akaliegemeza shoka kwenye gogo, polepole, akahakikisha halitaanguka. "Mimi ndiye niliyemtoa shule," alisema. "Mama hakutaka, alilia. Mimi nikasema mwizi hasomeshwi. Nilimfichia madaftari." Hakuwa anasema na mimi tena. Alichukua shati lake, akashindwa kuvaa mkono wa pili, akaliacha linaning'inia begani, akaondoka kuzunguka nyumba.

Nilimfuata mpaka kwenye kona, sikuthubutu kwenda zaidi. Nilimwona akifika penye masufuria, akachuchumaa mbele ya dada yake, mtu mzima yule, chini kabisa mpaka uso wake ukawa chini ya uso wa Leokadia. Sikusikia alichosema. Kilikuwa Kirundi, na kilikuwa kirefu. Wanawake wengine wakasimama wakasogea mbali. Leokadia alikuwa ameshika sufuria. Akaiweka chini. Akaweka mkono juu ya kichwa cha kaka yake, akauacha hapo.

Kisha akaniona nimesimama pale konani. Alinitazama muda kidogo, bila hasira, bila shukrani, akainua mkono wake wa pili, akanipungia kama unavyompungia mtu aende zake. Nikaenda.